Unyoya wa Babewatoto

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Mnarani, nilikuwa na kazi moja isiyokuwa na udhuru. Sahani nikivunja nilisamehewa, na nikitumwa dukani nikarudi na chumvi badala ya sukari watu walinicheka tu. Lakini nguo za mtoto mchanga zilikuwa lazima ziwe zimeanuliwa kambani kabla ya adhana ya Magharibi. Kila jioni nilitakiwa niwe uani jua likianza kushuka, nikusanye vishati na nepi za ndugu yangu Salimu, hata kama bado ni mbichi, nizitie kikapuni na kukiingiza kikapu ndani.

Sababu ilikuwa babewatoto. Ndivyo tulivyomwita yule bundi mkubwa mwenye uso mweupe, na jina lenyewe lilitosha kumfunga mtoto mdomo. Nyanya, mama yake baba, alinieleza habari zake bila ya kunitisha, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Babewatoto akipita juu ya nguo ya mtoto iliyoachwa nje, kivuli chake hubaki kwenye nguo. Mtoto akivishwa nguo ile hushikwa na degedege, macho yakageuka na mwili ukakakamaa.

"Na humsikii," Nyanya aliniambia. "Kunguru utamsikia, popo utamsikia. Huyu Mungu kamuumba hana sauti ya mbawa. Atakupita hapa utosini na wewe hujui. Basi kwa kuwa sikio halifai, twatumia mkono. Anua nguo."

Maneno ya Nyanya yalikuwa na uzito mtaani kwa sababu ya kazi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaogesha watoto wachanga tangu siku ya kwanza mpaka arubaini. Aliwakanda kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akawanyoosha viungo, akawatazama vitovu, kisha akawarudisha kwa mama zao wamelala fofofo. Sijui ni watoto wangapi wa Mnarani waliopita katika mikono ile. Kwenye arusi alikuwa akinyoosha kidole kwa bwana arusi mwenyewe na kusema, "Huyu namjua matako yake," na hakuna aliyethubutu kubisha.

Nyuma ya ua wetu aliishi Mzee Karisa, Mgiriama mwenye nywele nyeupe pe, ambaye kazi yake ilikuwa kushona makuti. Alikuwa na ghala refu ambamo alipanga makuti yaliyoshonwa mpaka karibu na paa, na katika boriti za ghala lile alikaa babewatoto. Watu walimwambia amfukuze. Yeye alijibu kwamba panya ndio waharibifu wa makuti, na kwamba tangu ndege yule aje panya wamepungua, kwa hiyo mwenye kutaka kumfukuza na aje amlete paka asiyelala. Watu walicheka, lakini si wote.

Mimi nilikuwa nikitumwa kwake kuokota vipande vya makuti vya kuwashia moto. Siku moja nilikuta unyoya mkubwa umeanguka sakafuni, nikaruka nyuma kama niliyeona nyoka. Mzee Karisa akauokota. Akachukua na unyoya wa jogoo, akaupunga karibu na sikio langu, nikasikia fyu, fyu. Kisha akaupunga ule wa babewatoto. Nilidhani ananitania, kwamba hakuupunga.

"Tena," nikamwambia.

Akapunga tena. Nilihisi upepo shavuni, lakini sauti sikuisikia.

"Angalia hapa," akasema, akanionyesha ukingo wa nyuma. Haukuwa umenyooka kama wa jogoo. Ulikuwa umechambuka nyuzi nyuzi, laini mno. "Una matamvua kama kikoi. Na makuti yangu ni vivyo hivyo, ncha zake zimechanika. Upepo wapita, hakuna kelele. Lakini mabati ya jirani yana ukingo mkali, kaskazi ikivuma yapiga mbinja usiku kucha. Upepo wapenda kupita mahali palipochanika, mwanangu. Ukiukatia mstari mmoja, utalia."

Nilikuwa na miaka tisa. Nimekwenda shule nyingi baada ya hapo, na sijapata mwalimu aliyenieleza jambo kwa uwazi zaidi ya hivyo.

Toka siku ile nikawa na maradhi yangu mwenyewe: nilitaka kumsikia babewatoto akiruka. Nilikataa kuamini kwamba ndege wa ukubwa ule hana sauti kabisa. Niliona ni suala la kumsogelea zaidi na kuizuia pumzi.

Jioni niliyoharibu mambo, nilikwenda nyuma ya ua kabla ya adhana, nikachutama karibu na mlango wa ghala. Popo wa kwanza akapita, nikamsikia. Njiwa wa Bi Rukia, jirani yetu wa upande wa pili, wakarudi bandani mwao kwa kupiga makofi ya mbawa. Kisha babewatoto akatoka. Alipita juu yangu karibu hata nikaona miguu yake ilivyokunjwa tumboni, na kifua chake cheupe chenye madoa madogo. Sikusikia kitu. Nikasema labda nilimeza mate wakati ule ule. Nikangoja arudi. Akarudi na panya, akatoka tena, na mara zote tatu nilisikia moyo wangu tu.

Nilipozinduka adhana ilikuwa imekwisha zamani na giza limeingia. Nguo za Salimu zilikuwa bado kambani. Nilizinyakua pale kambani, nikazitia kikapuni, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyeniona. Nililala nikiwa na hofu, lakini asubuhi Salimu aliamka akicheka, na mimi nikaona nimepona.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, Salimu akashikwa na degedege mikononi mwa Mama.

Sitaki kulieleza sana jambo hili, kwa kuwa aliyewahi kuliona halisahau na ambaye hajaliona na asilione. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Nyanya alimchukua mtoto, akamlaza ubavu, akampangusa povu. Baba alikuwa kazini Malindi. Mwenye pikapu mtaani akaitwa, na kabla Nyanya hajapanda alinishika kidevu, akaniinua uso.

"Zuhura. Nguo jana ulizianua?"

"Nilizianua, Nyanya."

"Kabla ya adhana?"

"Kabla ya adhana."

Akaniamini. Pikapu ikaondoka kuelekea darajani, ng'ambo ya Kilifi, hospitalini.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa kutoka nje hawezi kukijua. Kwetu, swali la nguo halikuwa la kutafuta mtoto wa kupigwa. Lilikuwa na hesabu yake. Kama nguo zilisahauliwa nje, basi babewatoto amepita njia yake, ni ajali, na watu husema maskini wakaendelea na kazi zao. Lakini kama nguo zilianuliwa kwa wakati na bado mtoto amepatwa, basi ndege hakupita tu. Ametumwa. Na ndege aliyetumwa ana mwenyewe. Kwa kujiokoa na viboko viwili vitatu, mimi nilikuwa nimemfungulia mashtaka mtu mzima, na nilikuwa sijui.

Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Walimtundikia dawa, na siku ya tatu Salimu alirudi nyumbani amekonda lakini ananyonya vizuri. Ungedhani mambo yamekwisha. Kwenye bomba la maji nilimsikia Bi Rukia akiwaambia wenzake, "Malaria ni ugonjwa, hilo twalijua. Lakini ni nani aliyeileta? Nguo zilikuwa ndani, Zuhura mwenyewe kasema." Wote wakanigeukia. Nikainua ndoo yangu ikiwa nusu, nikaondoka.

Mtaa wetu ulikuwa mpole, lakini sehemu zetu hizi mzee mwenye mvi anayesemwa kwa uchawi hana amani. Tulisikia habari za wengine, waliofukuzwa na waliofanyiwa makubwa kuliko kufukuzwa. Vijana wawili walikwenda kumwambia Mzee Karisa kwamba makuti ni kitu kinachoshika moto upesi. Mzee wa mtaa, kwa kutaka kuzuia shari, akaitisha kikao uani kwake Alhamisi baada ya Alasiri, na Mzee Karisa akaambiwa aje ajieleze, au awe ameshahama.

Alhamisi asubuhi nikatumwa vipande vya makuti kama kawaida. Mama alikuwa hayajali maneno ya watu siku hizo, alikuwa anamjali Salimu tu. Nilimkuta Mzee Karisa anafunga vyombo vyake kwenye gunia: sufuria, panga, mkeka, redio. Alikuwa na mtoto wa kike aliyeolewa Ganze, angekwenda huko. Makuti yote ya ghalani, kazi ya miezi, angeyaacha.

"Mino nashona makuti," akaniambia, akisema "mimi" kwa Kigiriama chake, wala hakuonyesha hasira. "Sina ndege. Yeye kanikuta hapa, nami sikumtuma pahali." Kisha akachomoa unyoya katika ukuta wa makuti, ule ule, akanipa. "Chukua wewe. Nikikutwa nao njiani watasema nimembeba."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeuficha unyoya ndani ya gauni. Nyanya alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilisimama mbele yake mpaka akaniuliza nimefanywa nini.

"Nyanya, sikuzianua."

Mkono wake ukasimama.

"Niliziingiza giza limeshaingia. Nilikuwa kwenye ghala la Mzee Karisa."

"Wafanyani?"

"Namsikiliza babewatoto akiruka."

"Ukamsikia?"

"Sikumsikia."

"Nilikwambia," akasema. Nadhani nusura acheke, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha jaa maji. Alikuna ile nazi mpaka ikaisha, akaosha mikono, akaniita nikae karibu yake. Nilingoja kofi. Badala yake akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya nazi.

"Sikiza. Wewe hukuniambia kitu. Mtoto wa miaka tisa akinyooshewa kidole kwamba alitaka kumuua nduguye na kumfukuzisha mzee wa watu, atakwenda nalo mpaka kaburini. Hili litakaa kwangu. Umenielewa?"

Sikumwelewa, lakini nilisema ndiyo.

Kikaoni nilikaa nyuma pamoja na wanawake. Mzee Karisa alikuwa amesimama, gunia lake miguuni. Kabla hajaulizwa kitu, Nyanya aliinuka, akaomba ruhusa ya mzee wa mtaa.

"Nguo za mjukuu wangu zililala kambani mpaka giza. Mimi ndiye niliyezisahau. Huyu mtoto nilimwambia aseme zilianuliwa, kwa kuwa niliona haya. Babewatoto kapita njia yake, hakutumwa na mtu. Mzee Karisa hana makosa, na kama kuna wa kuombwa radhi ni yeye."

Watu wakageukiana. Kisha Bi Rukia akasema, kwa mshangao wa kweli, "Wewe? Wewe unayetuogeshea watoto?"

"Mimi. Nimezeeka, Rukia."

Kikao kikavunjika kwa minong'ono. Mzee Karisa alibeba gunia lake akarudi ghalani, na jioni nilimwona anashona kama kawaida. Mimi nilijiona nimeokoka, na nilimpenda Nyanya siku ile kuliko siku zote.

Gharama yake niliiona polepole. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke wa kwanza kujifungua baada ya hapo aliletewa mwogeshaji kutoka Takaungu, kwa kisingizio kwamba ni jamaa. Wa pili alisema maji ya moto yatamchosha Nyanya. Wa tatu hakusema kitu. Alipozaliwa mdogo wangu mwingine wa kike, Mama mwenyewe alimwambia, kwa adabu zote, "Wewe pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Nyanya akapumzika. Alikuwa akikaa mlangoni mwa chumba chake, akisikiliza maji yakimwagwa na mtoto akilia, na mara nyingine mikono yake ilikuwa inakandakanda hewa bila ya yeye kujua. Chupa ya mafuta ya nazi ilikaa dirishani mpaka yakaharibika. Mara mbili nilifungua mdomo niseme, na mara zote mbili alinitazama nikaufunga. Alifariki nikiwa sekondari.

Mzee Karisa naye amefariki, na ghala halipo tena. Unyoya ninao. Uko ndani ya daftari langu la kazi.

Kazi yenyewe ni mitambo ya upepo, ile ya kuzalisha umeme kwa mapanga yanayozunguka. Nilisomea ufundi Mombasa, na siku moja darasani mwalimu wetu, mhandisi Mutua, mtu wa bara mwenye sauti kubwa, alituonyesha picha ukutani: unyoya umekuzwa mpaka ukaonekana kama jani la mnazi. Akauliza nani amewahi kushika unyoya wa bundi. Darasa zima likacheka, na wenzangu wa pwani wakatazama chini. Nikanyoosha mkono.

"Ukoje?" akaniuliza.

"Mbele una meno kama kitana," nikasema, "juu ni mahameli, nyuma una matamvua kama kikoi."

Akasema nimemmalizia somo, akaeleza sababu yake. Meno ya mbele huichana hewa inapoingia, mahameli humeza mchakacho, na matamvua ya nyuma huizuia hewa isitoke kwa mstari mmoja mkali, maana hapo ndipo sauti nyingi huzaliwa. Wanaotengeneza ndege za abiria wanachunguza mbawa zile wapate kupunguza ngurumo. Na kwenye mitambo ya upepo jambo hilo limekwisha kufika kazini: tunabandika kwenye ukingo wa nyuma wa panga vipande vyenye meno kama ya msumeno. Nilikaa nikiandika yote hayo, lakini sauti niliyokuwa nikiisikia ni ya mzee wa makuti akisema upepo wapenda mahali palipochanika.

Mwaka jana tuliufunga mtambo mmoja wa namna hiyo kaskazini ya Malindi, kwenye shamba la chumvi. Mtambo wa zamani ulikuwa ukivuma vuu, vuu, vuu, na majirani walikuwa wakilalamika hawalali. Huu mpya si bubu, nisiwadanganye, lakini ukisimama kwenye nyumba ya kwanza unasikia upepo zaidi kuliko mapanga. Wiki ya pili mama mmoja wa pale akaja kwangu amejifunga leso vizuri, akaniamkia, akasema amekuja kwa niaba ya wenzake.

"Twashukuru kwa usingizi," akasema. "Lakini kitu kikubwa vile chatupita juu na hakisemi. Nguo za watoto tuzianike wapi?"

Wafanyakazi wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia aanike popote, lakini nilijua amekuja na swali la watu wazima na mimi nimempa jibu la fundi.

Mwezi uliopita mkewe Salimu alitoa mtoto nje, arubaini yake. Ndiyo, Salimu yule yule, sasa ana tumbo na anaendesha tuktuk Kisumu Ndogo. Tulikusanyika nyumbani Mnarani, mtoto akanyolewa, wanawake tukakaa uani tunakula. Kambani kulikuwa na nguo ndogo za mtoto. Bi Rukia, ambaye sasa anashikwa mkono akitembea, akazitazama na kumwambia mkewe Salimu, kwa mapenzi tu, "Uzianue mapema, mwanangu. Mumeo nusura afe kwa nyanya yake kumsahaulia nguo nje. Na alikuwa mwogeshaji wa watoto, maskini."

Wanawake wakatikisa vichwa. Kisa hiki walikijua wote. Kilikuwa ndicho kilichobaki cha Nyanya. Watoto wote wale aliowakanda, na amekumbukwa kwa nguo ambazo hakuzisahau.

"Hakusahau," nikasema. "Nilisahau mimi."

Nikawaeleza, tangu ghala mpaka mbuzi ya nazi. Sikuutaja uhandisi wala malaria. Nilieleza jinsi nilivyosema uongo mara mbili mlangoni mwa pikapu, na jinsi alivyonishika mkono. Bi Rukia aliziba mdomo kwa mtandio wake, na machozi yakaanza kumtoka bila ya sauti.

Mama hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Alinikataza."

"Alipokuwa hai, sawa. Na miaka yote hii?"

Nimezoea kujisifu kwamba kazi yangu ni kupunguza kelele duniani. Lakini kumnyamazia Nyanya hakukuwa utulivu, kulikuwa woga, na nilimwachia yeye aubebe mpaka akafa nao.

Mama aliangalia mikono yake. "Watoto watatu nilizaa baada ya Salimu," akasema. "Hakuwaogesha hata mmoja. Alikuwa akikaa pale mlangoni, nami nalijua ataka nimpe, na sikumpa."

Kisha akainuka, akatoka mpaka kambani. Jua lilikuwa bado juu, Alasiri haijaadhiniwa. Akaanza kuanua nguo za mtoto, moja moja. Nilikwenda nikamshikia kikapu. Zilikuwa mbichi, na hakuna kati yetu aliyesema tungoje zikauke.